Wasichana wawili, jina moja, sanduku moja la dawa: kisa cha bweni mkoani Lindi

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Shule haitajwi, na wasichana wenyewe tumewaita Z wa Pili na Z wa Nne, kwa kidato cha kila mmoja, kwa sababu jina lao ni moja na jina la baba pia ni moja, jambo ambalo kwenye bweni lolote la Lindi au Mtwara halimshangazi mtu. Makosa yaliyomo ni ya kawaida. Hakuna hata moja linalotokana na mtu kutojua dawa inatibu nini. Yote yanatokea pale dawa inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Z wa Pili ana miaka 15, uzito kilo 41, na ana kifafa. Anatumia kabamazepini ya miligramu 200: kidonge 1 asubuhi, kidonge 1½ usiku. Kwa mpango huo alikuwa na miezi saba hajaanguka. Z wa Nne ana miaka 18, hana ugonjwa wa kudumu. Bweni lina matroni mmoja, mwalimu wa zamu anayebadilika kila siku, na sanduku la mbao lenye kufuli lililopo chumba cha matroni. Muuguzi hakuna. Zahanati iko kilomita tatu, hospitali ya wilaya ni safari ya saa nzima kwa gari, mvua isiponyesha.

Bahasha inafika shuleni

Aliyemleta Z wa Pili siku ya kufungua shule, Jumapili, ni mjomba wake. Hilo ni la kawaida kwa Wamwera, kabila la Lindi. Mjomba ana sauti kwenye mambo ya mtoto, ndiye anayelipa, ndiye anayesaini. Lakini nyumbani aliyekuwa anampa mtoto dawa ni bibi. Mjomba alijua kuna dawa za kuanguka na kwamba zisikose. Kidonge kinakatwaje, saa ngapi, akitapika inakuwaje, hayo yote yalibaki kwa bibi, pamoja na kadi ya kliniki.

Vidonge 75, yaani vya siku 30, vilikuja kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa jina, "200mg", na "1 – 1½". Basi. Kidato hakikuandikwa, jina la dawa halikuandikwa, wala ipi ni ya asubuhi na ipi ya usiku.

Bahasha hiyo ina makosa mawili, na la pili huwa halionekani. La kwanza ni maandishi. La pili ni karatasi yenyewe. Kabamazepini haipatani na unyevu: vidonge vikikaa kwenye hewa yenye majimaji hubadilika, huwa vigumu, havimeng'enyuki vizuri tumboni, na vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Kwa ukanda huu, wakati wa masika, bahasha ya kaki ndani ya sanduku la mbao ni mahali pabaya pa kuiweka. Dawa hii ibaki kwenye pakiti yake ya kiwandani, au kopo la duka la dawa lenye kifuniko kinachobana, lisilofunguliwa hovyo, mbali na dirisha na mbali na ndoo ya maji. Vidonge vikatwe vya siku ileile tu. Kukata nusu za mwezi mzima ili kurahisisha kazi ni kuziachia unyevu nusu zote.

Siku ya kupokea, simu ya dakika tano kwa bibi ingetosha. Fomu ya dawa inatakiwa ijazwe na yule anayempa mtoto dawa nyumbani, hata kama anayesaini ni mwingine. Na kadi ya kliniki, au nakala yake, isafiri na dawa. Shule isipokee dawa ya kila siku bila karatasi ya mtoa huduma inayosema jina la dawa, kipimo kwa miligramu, saa, na jina la kituo. Hii si roho mbaya. Mwalimu hana namna nyingine ya kujua kwamba kilichomo ndani ya bahasha ndicho kilichoandikwa juu yake.

Mwezi unaandama

Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda sawa. Matroni alimpa Z wa Pili kidonge saa 1 asubuhi na 1½ saa 1 usiku, akimwona anameza, akiweka alama ya vema kwenye daftari la kaunta.

Alhamisi ya wiki hiyo Ramadhani ikaanza. Z wa Pili alitaka kufunga kama wenzake, na dawa ya saa 1 asubuhi ikakosa mahali. Matroni akatafuta njia ambayo wengi wangeitafuta: kuanzia Jumatano usiku, baada ya chakula cha jioni, alimpa 1½ ameze palepale, na kidonge 1 aende nacho bwenini akakimeze wakati wa daku. Daftari likaendelea kupata vema mbili kila siku.

Hapo alama ya vema ilibadilika maana bila mtu kutambua. Zamani ilisema "amemeza". Sasa ilisema "amepewa". Kengele ya daku inalia saa 10 alfajiri, msichana yuko usingizini, anakula haraka haraka kabla ya adhana, anasahau. Kidonge anakiweka kwenye mkebe wa hisabati.

Mpango wa futari na daku wenyewe si upuuzi. Dawa ya mara mbili kwa siku inaweza kuangukia futari na daku, na wapo wagonjwa ambao kliniki huwapangia hivyo. Lakini uamuzi huo ni wa kliniki, tena wa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu kwa mwenye kifafa kuna mambo mawili ya kupima kwa pamoja. Kwanza ni nafasi kati ya dozi: futari ya saa 12 na nusu jioni hadi daku ya saa 10 alfajiri ni kama saa tisa na nusu, halafu daku hadi futari ni saa kumi na nne na nusu bila dawa. Pili ni usingizi. Kukatika kwa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kuanguka, na Ramadhani ya bwenini, pamoja na tarawehe na gumzo la baada yake, hukata usingizi hasa. Kuna mgonjwa atakayeambiwa afunge kwa masharti, na kuna atakayeambiwa asifunge. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, na mwalimu wa dini wa shule akishirikishwa mapema, msichana hataona kwamba anatengwa na wenzake.

Ikikubalika dawa imezwe kwenye daku, basi imezwe bwaloni, mbele ya mtu mzima aliyeshika daftari. Kidonge kisilale na mwanafunzi.

Jumatatu usiku

Jumatatu ya wiki ya pili Z wa Nne alipata homa. Zahanati ikampima, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto, ALu (artemeta na lumefantrini), vidonge 24: vidonge 4 mara sita, ambacho ndicho kipimo cha mwenye kilo 35 na kuendelea. Vidonge 4 vya kwanza alivimeza palepale saa 8 mchana. Akarudi shuleni na 20, na kikaratasi kilichoandikwa jina lake na "4 x 2".

Kikaratasi hicho kilikosa kitu muhimu kuliko vyote. Dozi ya pili ya ALu haingojei asubuhi. Ni baada ya muda wa saa nane tangu ile ya kwanza, yaani kwake ilikuwa saa 4 usiku. Baada ya hapo ndipo inakuwa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Tena imezwe na chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini bila mafuta hunyonywa kidogo sana mwilini. (Futari ya mihogo ya nazi inafaa kabisa. Chai kavu haifai.) Shule ikileta mgonjwa zahanati iombe saa ziandikwe kwa saa za ukutani, zote sita. Mtoa huduma haimchukui hata dakika moja.

Matroni alikuwa na ruhusa ya kulala nje usiku huo. Alimwachia mwalimu wa zamu ufunguo na maneno ya mlangoni: "Mwalimu, usisahau dawa za Z, zimo sandukuni." Hakukuwa na maandishi.

Saa 2 usiku mwalimu akafungua sanduku. Akakuta bahasha ya kaki yenye jina la Z, na pakiti ya ALu yenye kikaratasi cha jina lilelile. Akahitimisha kwamba ni mgonjwa mmoja mwenye dawa za aina mbili. Akaita kwa mlango wa bweni.

"Abee, mwalimu," akaitika Z wa Pili, kwa kuwa saa hiyo kila siku huitwa yeye.

Akahesabiwa 4 na 1½. Akavitazama. "Mwalimu, mbona leo vingi?"

"Ndivyo vilivyoandikwa."

Akameza. Z wa Nne alikuwa amejifunika shuka mwisho wa bweni, akingoja kuitwa.

Swali la msichana ndilo lililokuwa kizuizi cha mwisho, na lilikuwa kizuizi kizuri. Mwenye ugonjwa wa kudumu anavijua vidonge vyake kwa rangi, kwa ukubwa, kwa idadi. Huenda ndiye mtu pekee bwenini anayevijua. Akisema "mbona vingi", "mbona rangi nyingine", "mbona nimeshameza", mkono usimame hapohapo. Dawa irudi sandukuni, simu ipigwe kwa matroni, na kama matroni hapatikani, kwa zahanati. Dozi iliyochelewa nusu saa kwa ajili ya kuuliza haina madhara kwa dawa zote mbili hizi. Iliyomezwa na asiyehusika haitoki.

Kwa bahati, vidonge 4 vya ALu havikuwa sumu kwa msichana wa kilo 41. Lakini ni bahati tu. Sanduku lilelile siku nyingine lingekuwa na dawa ya kisukari.

Kabla ya nusu saa kupita Z wa Pili alitapika nje, nyuma ya bweni. Tumbo lilikuwa limejaa futari, na kichefuchefu na kutapika ni madhara yanayojulikana ya ALu. Katika matapishi hayo iliondoka pia kabamazepini ya usiku. Hakumwambia mtu, nani anatangaza kutapika usiku wa Ramadhani? Na kwa kuwa mwalimu hakuwa na habari za utaratibu wa daku, kidonge 1 cha kwenda nacho hakikutolewa.

Jumanne

Matroni alirudi saa 5 asubuhi. Akafungua sanduku, akahesabu ALu: vidonge 16. Ndivyo vilivyotakiwa kubaki baada ya dozi ya usiku, akaridhika. Hesabu ilitimia, ila vidonge vilishuka koo la mwingine. Dozi ya asubuhi ndiyo iliyokuwa imepita bila mtu.

Saa 6 mchana Z wa Nne alikutwa amelaza kichwa kwenye dawati, joto 39.2. "Jana usiku ulimeza saa ngapi?" "Sikuitwa, matroni." Ndipo mambo yakafunguka.

Kwa Z wa Nne matroni alifanya sahihi. Hakumpa vidonge 8 kufidia. Alimrudisha zahanati, wakakagua kama kuna dalili za hatari (kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, kushindwa kusimama au kukaa, mkojo mweusi, degedege), hazikuwepo, akapewa 4 mbele ya mhudumu, saa zikapangwa upya kwa maandishi, na vidonge 4 vilivyopotea vikarudishiwa. Alipona.

Kwa Z wa Pili aliuliza swali moja: "Jana ulimeza zile dawa?" Akajibiwa, "Nilimeza." Lilikuwa jibu la kweli. Swali ambalo halikuulizwa ni kama zilikaa tumboni. Wala zahanati haikuambiwa kwamba kuna msichana mwingine aliyemeza ALu, naye yuko kwenye kabamazepini. Habari hiyo ina uzito wake: kabamazepini hulifanya ini lichakate dawa mseto kwa kasi na kushusha kiwango chake mwilini, kiasi kwamba zote mbili hazipaswi kutumika pamoja. Siku Z wa Pili atakapougua malaria yeye mwenyewe, zahanati isipojua anatumia nini itampa ALu kama kila mtu, na huenda asipone. Sentensi "anatumia kabamazepini kwa kifafa" inatakiwa iwe ya kwanza kutamkwa na yeyote anayempeleka kituo chochote, iwe zahanati ya jirani au hospitali za Nyangao, Ndanda au Sokoine.

Jumatano, saa 10 na robo alfajiri

Alianguka kwenye foleni ya daku. Mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikatikisika, povu mdomoni, akajikojolea. Wenzake walikimbia, kwa sababu bado kuna wanaoamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Kiranja mmoja alijaribu kumpenyezea kijiko kati ya meno, akazuiwa na mpishi.

Mpishi ndiye aliyefanya yote yaliyotakiwa, na hayakuwa mengi: alivuta benchi mbali na kichwa, akaweka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, akalegeza ushungi shingoni, hakumshika kwa nguvu, na mtikisiko ulipokoma akamlaza ubavu ili mate yatoke nje. Kilichokosekana ni saa. Baadaye walioshuhudia walitaja kila kitu kuanzia dakika mbili hadi robo saa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua la kufanya: mtikisiko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla mgonjwa hajapata fahamu, gari lianze safari ya hospitali bila kungoja. Mtu mmoja atazame simu yake tangu mwanzo. Inatosha.

Kisha likaja kosa la mwisho. Msichana akiwa bado amelegea, matroni alimpa vidonge 3 kwa mpigo, "kufidia vya jana". Kuna makosa mawili humo. Mtu ambaye hajazinduka kabisa hapewi kitu mdomoni, hata maji, kwa sababu kinaweza kuingia njia ya hewa. Ajibu jina lake, aseme yuko wapi, akae mwenyewe, ndipo anywe. Na dozi iliyokosekana hailimbikizwi. Miligramu 600 kwa mara moja ni zaidi ya dozi yake ya siku nzima. Kufika saa 5 asubuhi alikuwa anatembea akiyumba, anaona vitu viwili viwili, anasinzia. Bwenini walidhani ni uchovu wa kuanguka. Uchovu huo hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Huu ulikuwa unaongezeka, na kuyumba pamoja na kuona viwili viwili ni dalili za kabamazepini kuzidi.

Hospitali ya wilaya walimpumzisha hadi kesho yake chini ya uangalizi. Tabibu aliuliza amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi, siku tatu zilizopita. Daftari la kaunta lilimjibu kwa safu ya vema.

Vidonge vinahesabiwa kwenye sahani

Ukweli ulipatikana kwa kuhesabu, na njia hii inafaa kila shule iijue kwa sababu haihitaji kifaa. Bahasha ilimwagwa kwenye sahani: vidonge 48. Ukiongeza 3 vya kufidia, vilikuwa 51 alfajiri ile.

Vilitakiwa kuwa vingapi? Usiku kumi, kuanzia Jumapili ya kwanza hadi Jumanne, kwa 1½ ni 15. Asubuhi tatu za kabla ya mfungo ni 3. Vya daku, usiku saba kuanzia Jumatano, ni 7. Jumla 25, vibaki 50. Kimoja kimezidi. Hicho ndicho cha Jumatatu usiku ambacho mwalimu hakukitoa. Daftari lilikuwa limekiwekea vema.

Halafu mkebe wa hisabati ukafunguliwa: vidonge 3. Kwa maelezo yake, kimoja cha daku ya Jumamosi, kimoja cha Jumatatu, kimoja cha alfajiri ileile aliyoanguka. Sasa picha inakamilika. Tangu daku ya Jumatatu hadi usiku wa Jumanne alitakiwa kupata vidonge 5, sawa na miligramu 1,000. Cha daku ya Jumatatu kilikuwa mkebeni, cha usiku kilitapikwa, cha daku ya Jumanne hakikutolewa. Mwili ulipata 1½ cha Jumanne usiku, miligramu 300. Ongeza usiku saba za usingizi uliokatwa saa 10. Hakuna haja ya kutafuta jini.

Kuhesabu huku kufanyike kila Jumamosi, na watu wawili, kwa kijiko na sahani safi badala ya viganja. Kukizidi kimoja, ulizeni siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja la kushangaza hapa. Shule zilezile hupokea kampeni za kichocho na minyoo na kuziendesha vizuri. Siku hiyo wanafunzi wanakula kwanza, wanapimwa kwa kijiti cha urefu, mwenye sentimita 125 hadi 137 anapata vidonge 2 vya prazikwanteli, mwenye 138 hadi 149 anapata 2½, anameza mbele ya mwalimu, anaandikwa kwa jina na darasa. Kampeni inakuja na fomu yake na mafunzo yake, ndiyo maana inakwenda. Dawa ya kila siku ya mtoto mmoja inakuja na bahasha ya kaki na neno la mlangoni, ilhali ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ikikosewa.

Sanduku linapangwa upya

Mabadiliko ya kwanza ni kadi. Kila mwanafunzi mwenye dawa ana kadi ngumu yenye picha yake, na dawa yake inakaa ndani ya kopo au mfuko wake wenye kadi hiyo, si ndani ya sanduku kwa jumla. Maandishi ya Z wa Pili sasa yanasomeka hivi: jina la kwanza, la baba na la babu, Kidato cha 2B, namba ya usajili, kabamazepini miligramu 200, kidonge 1 saa ya asubuhi iliyoandikwa na kliniki, kidonge 1½ saa 1 usiku, kwa kifafa, asipewe dawa mseto bila kuuliza, simu ya bibi, simu ya mjomba, simu ya kliniki. Jina la babu ndilo linalowatenganisha wawili hawa, na picha inamaliza ubishi.

Mtoaji haiti jina mlangoni. Humwuliza aliyekuja: "Jina lako kamili nani? Uko kidato gani?" na kulinganisha na kadi. Asitamke yeye jina kisha kungoja "abee", maana mtoto aliyelelewa kwa adabu ataitika akiitwa na mkubwa, hata kama dawa si yake. Kuita mlangoni pia kunaanika ugonjwa wa mtu. Wenye kifafa, na wenye dawa nyingine wasizotaka zijulikane, wanajificha kwa sababu hiyo, na anayejificha ndiye anayekosa dozi. Chumba cha matroni, mmoja mmoja, saa inayojulikana.

Daftari limepata safu mpya mahali pa vema: saa halisi, idadi ya vidonge, sahihi ya mtoaji, na herufi moja. M ni amemeza mbele yangu. K amekataa. T ametapika, na dakika ngapi baada ya kumeza. H hakutolewa, na sababu. Vema imefutwa kabisa. Dakika za kutapika zina kazi: kwa ALu, aliyetapika ndani ya nusu saa hurudia kipimo kizima, kwa kabamazepini, shule haiamui, inapiga simu kliniki na kuitaja dakika hiyo.

Ufunguo hautoki mkononi mwa matroni bila daftari kutoka nalo. Anayepokea zamu anasoma kwa sauti: nani ana dawa usiku huu, ipi, saa ngapi, vidonge vingapi vimebaki. Wote wawili wanasaini. Ikiwa sandukuni kuna majina yanayofanana, mstari mwekundu unapigwa chini ya yote mawili. Mwalimu wa zamu asiyefanyiwa makabidhiano ana haki ya kukataa ufunguo, na mkuu wa shule alisema hivyo mbele ya walimu wote. Bila neno hilo la mkuu mwalimu kijana hatathubutu.

Yapo yasiyohitaji maneno mengi. Mwalimu haanzishi dawa ya malaria wala antibayotiki kwa kubahatisha. Mwenye homa anapelekwa kupimwa. Dawa ya mwanafunzi mmoja haikopeshwi mwingine, hata parasetamoli. Mwenye pumu ndiye pekee anayebaki na kivuta pumzi chake mfukoni, kwa maandishi ya kliniki, maana pumu haingojei ufunguo.

Lililobaki ni akiba. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla, na njia za kusini zinakatika. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipobomoa barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, mizigo ilikwama. Kwa hiyo shule inamtaka mzazi alete dawa ya mwezi na wiki mbili za ziada: kwa Z wa Pili, vidonge 75 na 35. Kopo likishuka hadi 35, simu inapigwa kwa bibi siku hiyo. Siku ya kufunga shule vinahesabiwa mbele ya atakayekuja kumchukua, idadi inaandikwa kwenye kadi, pande zote mbili zinasaini, na kama aliyekuja ni mjomba, bibi anapigiwa simu na kutajiwa idadi hiyo kabla gari halijaondoka.